Siku Niliyowaliza Bamama wa Baraka kwa Ajili ya Gelati

Jambo hili lilinitia haya kiasi kwamba kwa wiki nzima nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda kazini, ile ya kando ya mashamba ya mihogo, lakini naona heri niwasimulie mimi mwenyewe kuliko mkasikie kwa Papa Alimasi, yule muuza sukari wa hapa sokoni Baraka, maana yeye kila akisimulia anaongeza chumvi, na juzi nilimsikia akisema eti nilipiga magoti na kulia. Sikupiga magoti. Kulia nitafika huko.

Mi ni mwalimu wa jiografia. Naitwa Wilondja, wanafunzi wananiita Prof Wilo. Milima ya Fizi nakutajia moja moja bila kushika karatasi, na rasi ya Ubwari nakuchorea ubaoni kwa mkono mmoja huku wa pili ukinywa chai. Hayo ndiyo ninayoyajua. Kiingereza sikijui. Kiingereza changu chote ni kile nilichookota nikiwa kijana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, pale kwenye foleni ya chakula: foleni, kadi, mafuta, ngoja, kesho. Ukiongeza na maneno ya mpira, ya nyimbo na ya filamu za kupigana, basi umenimaliza. Lakini (na hapa ndipo ujinga wangu unapokaa) kwa miaka mingi nilikuwa nikiongea na watu napachika kaneno ka Kiingereza hapa na pale, kwa maringo tu, mpaka shule nzima ikaamini kwamba Prof Wilo ni mtu wa lugha.

Sasa akaja mgeni. Mama mmoja mzee, nywele nyeupe kama pamba, anaitwa Mama Megani, mwalimu mstaafu wa jiografia kama mimi, kutoka nchi inaitwa Wales. Alikuja na watu wa kanisa wanaovuta maji kwa mabomba kutoka mlimani, kule juu ya Lweba, na kwa kuwa alikuwa mwalimu akaomba awaonyeshe watu wa Baraka picha za kwao. Mkalimani wake alikuwepo, kijana mzuri tu, ila alipofika Nundu malaria ikamlaza, akabaki hospitali na dripu ya serumu mkononi. Mwalimu wetu wa Kiingereza naye alikuwa Uvira, dada yake amejifungua. Basi Ijumaa asubuhi Papa Prefe, mkuu wetu wa shule, akaingia kwenye chumba cha walimu, akanitazama.

"Prof Wilo, weye si ulikaa kambi kule Tanzania? Kingereza unajua?"

Ningesema "kidogo" tu, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini walimu wenzangu wote walikuwa wamenigeukia, na mdomo wangu una tabia ya kutangulia.

"Bila shida, Papa Prefe."

Saa tisa mchana sali ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, ilijaa mpaka madirishani. Walikuja Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu wa kule ufukweni na wavuvi ambao harufu ya ndagala ilikuwa bado mikononi. Mstari wa mbele, katikati kabisa, kitambaa cheupe kichwani, alikaa mama mkwe wangu, Mama Wabiwa, kiongozi wa bamama wote wa parokia. Huyo mama, tangu nioe binti yake Riziki, hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Akiniona hunisalimia vizuri, heshima yote, halafu anashusha pumzi. Ile pumzi ndiyo inayoniua.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri ajabu. Mama Megani alibonyeza mashine, ukutani ukatokea mlima mkubwa wenye theluji, akasema jina lake, kitu kama Urwithva, nami nikasema, "Huo ni mulima yabo mukubwa, kwa jimbo yabo inaitwa Gwineti." Makofi! Ikaja picha ya treni ndogo inapanda ule mlima, hapo sikuhitaji hata kusikiliza, treni unaiona. Watu wakakataa kabisa.

"Treni inapanda mulima? Aka, Prof, usitudanganye!"

Nikamgeukia mgeni, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, nami nikaongeza cha kwangu kwamba inashusha mihogo. (Sijui kwa nini nilisema mihogo. Ulimi ulishapata mteremko.)

Ikaja pwani: milima inashuka mpaka inakanyaga bahari, vijiji vimebanwa katikati, mitumbwi imelala mchangani, na ardhi ndefu imejichomoza majini kama mkono. Nilipoiona hiyo moyo wangu ulifurahi kweli, maana hii nilikuwa naijua kama sura ya baba yangu. "Inaitwa Lini," nikasema, "ni Ubwari yabo!" Sali ikalipuka. Mvuvi mmoja akasimama akapiga kelele, "Hata kule Mungu aliweka Ubwari!" Mama Megani akaona watu wanacheka naye akacheka, akaonyesha kondoo, kondoo wengi kuliko watu, mlima wote mweupe kwa kondoo, na ziwa moja refu lenye samaki asiyepatikana pengine popote, na watu wakasema ni kama ziwa letu Tanganyika. Nilimchungulia mama mkwe. Alikuwa anatabasamu! Nikajiona nimekuwa mtu mkubwa, nikaegemea ukuta, mkono mfukoni.

Ndipo kikaja kijiji.

Kijiji kizuri cha mawe, katikati ya milima, kando ya mto. Mama Megani akasema kinaitwa Bethigelati na kwamba ndipo alipozaliwa. Akabonyeza. Ukatokea mti, chini yake mawe, na kauzio kamezunguka. Sauti yake ikashuka, akaanza kusimulia polepole, na mimi nikakaza masikio. Nikashika "kaburi", neno la nyimbo za kanisa. Nikashika "Gelati". Nikashika "mtoto mchanga", lile la kumwitia mpenzi kwenye nyimbo. Nikashika "kuua", la filamu. Na kulikuwa na jina la mtu linarudi rudi, Wulufu. Wulufu hivi, Wulufu vile. Mengine yote yalipita juu ya kichwa changu kama bata. Mwishoni Mama Megani akatoa kitambaa akajifuta macho (baadaye nilijua kwamba ni vumbi la barabara yetu, lilikuwa linamsumbua tangu Uvira).

Sali yote ikanitazama mimi.

Nikaunganisha maneno manne niliyokuwa nayo na lile jina. Nikasema kwa huzuni, "Bandugu, hii ni kaburi ya mutoto wake. Mutoto wake Gelati. Alikuwa angali muchanga. Muntu mumoja, jina yake Wulufu, njo alimuua."

Mama Wabiwa akainuka. Akafungua kitambaa chake cheupe, akakifunga kiunoni, akaenda mpaka mbele, akamkumbatia yule mama mzee na kutoa sauti ya kilio ambayo naamini kule Ubwari waliisikia. Bamama wote wakamfuata. Wakakaa chini sakafuni, wakamkalisha mgeni katikati yao, wakalia kama tunavyolia sisi, kwa nguvu zote, na Papa Prefe akavua kofia. Na Mama Megani? Alishangaa kwanza, akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka naye, ya kweli sasa, akasema kitu kuhusu moyo. Nikatafsiri, "Anasema aksanti kwa kulia naye."

Kilio kilipotulia, Papa Alimasi muuza sukari akanyoosha mkono.

"Prof, ule Wulufu, balimufunga?"

Nikamgeukia mgeni, nikamuuliza kwa Kiingereza changu: Wulufu, jela? Mama Megani akacheka! Watu wakatazamana, mama gani anacheka muuaji wa mtoto wake. Akatikisa kichwa, akasema Wulufu alikufa, alikutwa amekufa palepale kando ya kitanda cha mtoto.

"Wulufu alikufa," nikasema, na sali ikapiga makofi.

"Nani alimuua?"

Nikauliza. "Gelati!" akasema Mama Megani kwa fahari, ngumi juu.

Nikajua kuna kitu kimeharibika, ila nilishafika katikati ya mto. "Gelati," nikasema.

"Ule mutoto?"

"Njo yeye."

"Mutoto muchanga aliua muntu muzima?"

"Papa Alimasi," nikasema, jasho linanitoka, "batoto ba kule banakunywa maziwa ya kondoo."

Hapo Mama Megani akabonyeza mashine tena, na ukutani akatokea mbwa. Mbwa mkubwa wa shaba, amesimama ndani ya nyumba iliyobomoka. Mama Megani akamnyooshea kidole, akasema, taratibu kabisa, kama unavyomwambia mtoto: "Gelati."

Ndugu zangu, Gelati ni mbwa. Bamama wangu wote wa Baraka, sakafuni, machozi yamewachafua, wamemlilia mbwa. Na pale, pale kabisa, ningefungua mdomo nikasema nimekosea, watu wangecheka na tungekwenda nyumbani. Lakini mama mkwe wangu alikuwa ananitazama kwa macho mekundu, anangoja neno langu, kwa mara ya kwanza maishani mwake anangoja neno langu.

"Na hii," nikasema, "ni mbwa ya marehemu."

"Masikini!" akasema Mama Wabiwa. "Hata mbwa ingali inamungojea!" Na kilio kikaanza upya.

Jioni ile, Riziki anapepeta unga uani, nilimwambia. Sikuweza kula. Nilisema tu, "Riziki, Gelati ni mbwa." Akanitazama, akaweka ungo chini, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanyamaza ghafla.

"Mama na bamama benzake kesho banaenda kupa mugeni pole. Bamekusanya unga, muchele, samaki. Bamepata na mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi. Utaenda kumwambia Mama asubuhi."

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Aka! Mi nilitafsiri?"

Asubuhi nikaenda, nimejipanga. Nilimkuta mama mkwe uani, bamama zaidi ya ishirini wamejipanga na mabeseni kichwani. Nikamsalimia kwa kuinama, nikasema, "Mama, kuna neno nataka kusema." Akaniinulia mkono.

"Ngoja nianze miye, mukwe wangu. Nilikuwa nazani Riziki aliolewa na muntu wa kusema-sema tu. Jana nimeona una akili, na una roho. Ulisema maneno ya ule mama mupaka ikaingia ndani yetu. Aksanti."

Akanipa kamba ya mbuzi.

Sasa niambieni, ningesema nini? Nikaishika kamba. Na hivyo ndivyo nilivyopita barabara kuu ya Baraka siku ya Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya msafara wa bamama wanaoimba nyimbo za msiba, navuta mbuzi wa matanga ya mbwa. Watu wa pikipiki walisimama kwa heshima. Mzee mmoja aliuliza ni nani aliyekufa, nikamwambia ni mtu wa mbali.

Tukafika nyumba ya wageni ya parokia. Mama Megani alikuwa nje anakunywa chai, na pembeni yake ameketi dada mmoja mwembamba ambaye sikumjua. Baadaye nilielewa kwamba ni muuguzi, anaitwa Esperansi, Mrundi wa kambi ya Lusenda aliyesoma Uganda, na yule mkalimani mgonjwa ndiye aliyemwomba aje kumsaidia mgeni. Wanaongea, wanacheka. Kwa Kiingereza. Miguu yangu ikasimama, mbuzi akanipita.

Bamama wakatua mabeseni. Mama Wabiwa akasogea mbele, akasema maneno mazuri sana, kwamba mtoto ni mtoto hata akizikwa mbali, kwamba hakuna mama anayelia peke yake hapa Baraka, kwamba huu ni unga wa kumtia nguvu, na Wulufu Mungu amhukumu. Halafu akanigeukia nitafsiri. Mimi nikawa natazama mbuzi.

Esperansi akangoja, kwa adabu. Akanitazama, akamtazama mama mkwe wangu.

"Samahani, Mama. Mutoto gani?"

"Mutoto yake, Gelati, balimuua."

"Mama, Gelati si mutoto. Ni mbwa."

Bamama wakasogea karibu wasikie.

"Ni hadisi ya zamani ya kijiji yabo," Esperansi akaendelea, sauti ndogo. "Mufalme moja aliacha mutoto wake nyumbani na mbwa. Wulufu si muntu, ni munyama wa pori, kama mbwa lakini mukali. Akaingia kula mutoto. Mbwa akapigana naye akamuua. Mufalme akarudi, akakuta mbwa iko na damu kwa mudomo, akazani amekula mutoto, akaichoma upanga. Kisha akasikia mutoto analia, muzima. Njo akazika mbwa kwa heshima."

Papa Alimasi (alikuwa amefuata msafara, sukari yake kamwachia nani sijui) akasema kwa sauti ya juu, "Na maziwa ya kondoo, je?"

Mama Wabiwa alinigeukia. Sikuona hasira usoni mwake, heri ingekuwa hasira. "Mukwe. Ulijua?"

"Jana, Mama. Kwa ile picha ya mwisho."

"Na ukashika kamba ya mbuzi."

"Nilishika, Mama."

Akashusha pumzi. Ile ile, ila ndefu kuliko zote alizowahi kushusha. Esperansi alikuwa ameshamwinamia Mama Megani anamweleza kila kitu, na yule mama mzee akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka chai ikamwagika, akawa ananinyooshea kidole anataka kusema kitu hawezi. Bamama wakamtazama. Mmoja akakohoa, mwingine akajificha na kitenge, halafu uwanja wote ukaangua kicheko, na mimi katikati nimesimama kama mti. Hapo ndipo nililia. Kidogo tu, na nilisema ni vumbi.

Bamama wakaanza kuinua mabeseni yao. Mama Wabiwa akasema, "Wekeni chini."

"Lakini Mama, hakuna muntu alikufa."

"Chakula ya pole hairudi nyumbani. Mi siwezi kubeba hii muchele tena mupaka kwangu, nitasema nimepeleka pole kwa nani?" Akakaa kwenye ngazi karibu na mgeni, akamwambia Esperansi, "Muulize. Hakuna muntu wake alikufa hata moja?"

Esperansi akauliza. Mama Megani akaacha kucheka. Akaweka kikombe chake chini, akajibu kwa maneno machache, na Esperansi akageuza: bwana yake. Mwaka jana, wakati wa baridi. Walikaa pamoja tangu wakiwa vijana. Watu walimletea maua na karatasi za pole, wakaongea naye mlangoni, wakaenda. Hakuna aliyekaa chini naye.

Mama Wabiwa alifungua tena kitambaa chake cheupe, akakifunga kiunoni, akateremka kutoka kwenye ngazi, akakaa chini kwenye mchanga. Bamama wote wakakaa. Safari hii hawakupiga kelele. Waliimba wimbo mmoja wa taratibu, wa Kibembe, na Mama Megani akateremka naye, kwa shida ya magoti, akakaa katikati yao. Aliwaambia jina la bwana yake, nao wakalitia kwenye wimbo, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyelitamka vizuri. Alilia kweli siku hiyo. Kisha akala. Alikula bugali na samaki kwa mkono, mpaka bamama wakampigia makofi.

Mimi nilipewa kazi ya kukata kuni, na hakuna aliyeniita kula mpaka kila mtu alipomaliza. Mama mkwe ndiye aliyeniletea sahani mwenyewe, nyama ya mbuzi imebaki shingo tu. Akaiweka mbele yangu.

"Mukwe wangu," akasema, "siku ingine usipojua kitu, useme hujui. Hakuna muntu atakucheka kwa hiyo." Akafikiri kidogo. "Kwa hii, batakucheka mupaka ufe."

Na ni kweli. Sokoni watu wananibwekea, watu wazima wenye wake na watoto. Wanafunzi wananiita Prof Wulufu nikigeukia ubao. Basi nimeapa, na mniandikie: sitatafsiri tena neno la mtu yeyote, hata Kibembe ambacho nimezaliwa nacho, bila mashahidi wawili. Na kila Jumamosi mchana, Esperansi anapokuja Baraka kufundisha Kiingereza, mimi nakaa benchi la mbele, magoti yamegusa kidevu, pamoja na watoto wa darasa la tano. Somo la kwanza lilikuwa majina ya wanyama. Nilipata yote, isipokuwa kondoo.